Ghuba au Uingereza: barua mbili mezani, muuguzi mmoja

Bintiye shangazi yangu alinipigia simu saa nane usiku, akijua niko zamu. Ana barua mbili mezani. Moja imetoka hospitali ya Jeddah: mkataba wa miaka miwili, riyali 4,500 kwa mwezi na nyumba juu yake. Ya pili imetoka hospitali ya umma kwenye mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza: daraja la 5, ambalo ndilo la kuanzia kwa muuguzi aliyesajiliwa. Wote wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. "Dada, wewe umekaa kote kuwili. Niambie tu niende wapi."

Sikumjibu, kengele ya kitanda cha 14 ilikuwa inalia. Lakini hata ingenyamaza nisingemjibu usiku ule. Nimefanya kazi Saudia miaka minne kuanzia 2018, na Uingereza tangu 2022, na wenzangu niliowaona wakiumia si kwamba walichagua nchi mbaya. Kuna waliokwenda Ghuba kwa nia ya kuhamia, na kuna waliokwenda Uingereza kwa nia ya kuchuma haraka warudi. Ghuba ni shamba la kukodi: unalima, unavuna, unamwachia mwenyewe. Uingereza ni kiwanja: unalipia miaka mingi kabla hujauona ukuta. Ukilima kwenye kiwanja au ukijenga kwenye shamba la watu, lawama usimpe wakala.

Haya basi, tuziweke barua hizi ubavu kwa ubavu.

Pesa

Nianze na pesa, maana ndiyo iliyotutoa nyumbani. Anayesema alitoka kwenda kupanua ujuzi, tumwache na Mungu wake.

Saudia mshahara wangu ulikuwa riyali 4,200, na mshahara huko haukatwi kodi ya mapato. Nyumba ni ya hospitali, basi la kwenda kazini ni la hospitali, umeme na maji hujui hata bili yake inafananaje. Chakula kilinila riyali 600 hivi, simu na vikorokoro 300. Zilizobaki, 3,300, zilikwenda Mombasa. Riyali imefungwa na dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo haina mshtuko. Kwa shilingi ya Kenya ya sasa hesabu kama 34, yaani laki moja na elfu kumi na mbili kila mwezi.

Barua ya Uingereza inasema pauni 31,049 kwa mwaka, ndicho kiwango cha kuanzia cha daraja la 5 kwa mwaka wa 2025/26. Bintiye shangazi alizidisha kwa 170, akapata zaidi ya milioni tano, akaanza kuulizia viwanja Mtwapa. Nikamwambia aiweke simu chini achukue kalamu. Kwa mwezi ni pauni 2,587. Toa kodi ya mapato, toa bima ya taifa, toa mchango wa pensheni: mkononi inafika kama 1,980. Na hapo hujalipa pa kulala.

Akikaa peke yake kwenye chumba cha pauni 600 pamoja na umeme, akapika mwenyewe na kupanda basi, atabakiwa na pauni 1,000. Hiyo ni shilingi 170,000, inaipita Saudia. Basi Uingereza imeshinda? Imeshinda kwa mtu anayeishi Uingereza kama aishivyo mtu Saudia: chumba kimoja, hana mtu, hana safari. Sijamwona aliyeweza hivyo zaidi ya miaka miwili. Mume akija na watoto unatafuta nyumba, na nyumba huja na kodi ya baraza la mji, gesi, zulia, mashine ya kufulia na sare za shule. Mwaka wangu wa pili, mume wangu bado hajapata kazi, kuna mwezi nilioumaliza nikiwa na pauni 140. Mama huko nyumbani akadhani nimeingiwa na roho mbaya.

Kitu kinachookoa ni zamu. Usiku na Jumamosi unaongezewa asilimia 30 kwa saa, Jumapili na sikukuu asilimia 60. Ukiona Wakenya wanagombea zamu za Jumapili usifikiri wameacha kanisa.

Saudia nako kuna jambo ambalo mawakala hawalitaji: kiinua mgongo. Sheria ya kazi inampa mfanyakazi nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na mshahara mzima kwa kila mwaka unaofuata. Lakini ukijiuzulu kati ya mwaka wa pili na wa tano, unapewa theluthi tu ya hiyo. Mimi nilisubiri mkataba ukaisha, nikaondoka na riyali 8,400. Mwenzangu tuliyeingia naye siku moja alichoka akaandika barua ya kujiuzulu wiki sita kabla ya mwisho. Alipata 2,800. Wiki sita zile zilimgharimu riyali 5,600, na mpaka leo ukimtajia Saudia anabadilisha mazungumzo.

Jambo jingine la pesa, na hili linauma: Ghuba mshahara hufuata pasipoti. Nimefanya kazi wodi moja, zamu moja, na muuguzi mwenye pasipoti ya Magharibi aliyekuwa na uzoefu mdogo kuliko wangu, na mshahara wake ulikuwa mara mbili na ushei ya wangu. Hakuna aliyelificha, lilikuwa kwenye mkataba. Uingereza viwango vya mshahara vimechapishwa, kila mtu anavisoma, wa Kisumu na wa Leeds sawa. Ubaguzi haujafa huku; umehamia kwenye kupandishwa daraja. Nawajua wauguzi weusi waliokaa daraja la 5 miaka minane wakiwafundisha kazi vijana ambao kesho yake wanakuwa wakubwa wao.

Mlango wa kuingilia

Mlango wa Saudia ni mfupi. Vyeti vyako vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow, ambayo huandikia chuo chako na waajiri wako wa zamani. Kisha mtihani wa Prometric, maswali ya kuchagua, ili Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya ikusajili. Vyeti vipigwe mihuri wizarani na ubalozini. Wanapenda mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili na zaidi, na ukiwa wa chumba cha mahututi, usafishaji damu au dharura, una nguvu ya kuongeza bei. Muuguzi wa wodi ya kawaida huchukua anachopewa.

Mlango wa Uingereza ni mrefu na una vizingiti. Kwanza Kiingereza, hata kama umesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza: IELTS ya kitaaluma, alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi wetu. Halafu mtihani wa kompyuta, CBT, unaofanyia hapo hapo Nairobi. Ukifika Uingereza unafanya OSCE, mtihani wa vitendo wa vituo kumi, na mpaka uufaulu huna namba ya usajili, unavaa sare ya msaidizi na kulipwa daraja la chini. Mimi nililipa pauni 140 za kutathminiwa vyeti, 83 za CBT, 794 za OSCE na 153 za usajili. Jumla 1,170. Hospitali nyingi hurudisha sehemu kubwa ya hizo, ila uliza ni zipi, na uliza kwa maandishi.

OSCE ninaikumbuka kwa hasira. Nilikuwa nimeuguza watu miaka tisa, nimezalisha akina mama kwa mwanga wa simu, kisha nikafelishwa na mdoli. Kituo cha sindano: nilichagua dawa sahihi, kipimo sahihi, mahali sahihi, nikasahau kumwuliza mdoli kama ana mzio. Nikarudia kituo kile kwa nusu ya ada. Leo hata mtu akiniomba panadoli nyumbani namwuliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania na Uganda kuna neno la ziada. Nchi zao ziko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, inayofuata ile ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya. Maana yake waajiri na mawakala hawaruhusiwi kuja kuwasaka huko. Haimaanishi mmefungiwa: muuguzi mmoja mmoja akiona tangazo la kazi anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja. Kwa hiyo wakala akikufuata Mwanza au Mbarara na kazi ya hospitali ya umma ya Uingereza mkononi, jiulize amepitia wapi. Kenya ina mkataba wa serikali kwa serikali uliotiwa saini Julai 2021, na kwa sababu hiyo iko kwenye orodha ya rangi ya kaharabu: inaruhusiwa kwa masharti ya mkataba huo.

Kazi yenyewe

Hapa ndipo watu hawaulizi kabisa, na hapa ndipo utakapoishi saa kumi na mbili za kila zamu.

Muuguzi wa diploma wa Kenya amesomea mambo matatu kwa pamoja: uuguzi, ukunga na afya ya jamii. Kijijini wewe ni daktari nusu. Uingereza daftari la usajili limegawanywa: wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili, na wakunga wako mbali kabisa na daftari lao. Umezalisha wanawake mia tatu? Hongera. Ukisajiliwa kama muuguzi wa watu wazima huruhusiwi kuzalisha hata mmoja. Kuweka kanula ya dripu mshipani, ambako nyumbani unakufanya gizani, unasubiri upimwe upya na kutiwa saini. Mwaka wa kwanza nilijihisi kama fundi seremala aliyepewa kazi ya kufagia maranda. Baadaye nikaona faida yake: hakuna anayekutwisha kazi usiyosomea, na ukikataa jambo kwa sababu ya usalama wa mgonjwa, sheria iko upande wako.

Saudia kazi ni nzito na saa ni nyingi. Sheria inaruhusu 48 kwa wiki, hupungua hadi 36 kwa Waislamu mwezi wa Ramadhani. Uingereza ni 37.5. Likizo ya Uingereza huanza na siku 27 pamoja na sikukuu 8. Saudia sheria inaanza na siku 21, hospitali nyingi hutoa zaidi, na tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani hulipiwa na mwajiri. Uingereza tiketi ni yako, na Desemba bei yake ni ya kumtoa mtu machozi.

Lugha nayo. Mtu wa pwani akienda Saudia anagundua kuwa nusu ya wodi anaijua tayari. Damu ni dam, dawa ni dawaa, sabuni ni saabuun, na mgonjwa wa kisukari anaulizwa kama ana sukkar, kama tunavyouliza sisi kwenye kliniki ya Likoni. Miezi sita nikawa naongea na vikongwe wa Kibedui, nikaitwa binti. Uingereza, ambako nilijiona nimetimia kwa lugha, bibi mmoja wa miaka tisini aliniambia anataka kwenda kutumia peni moja. Nikamletea mkoba wake. Alikuwa anataka choo. Shuka tulibadilisha sote wawili tukicheka, lakini nililia garini.

Kwa Mwislamu, kutoka Jeddah hadi Makka ni kama kilomita 80. Nilikwenda Umra mara nyingi kuliko nilivyokwenda Lamu maisha yangu yote. Kwa mwenzangu Mkristo hesabu ni nyingine: Saudia hakuna kanisa, ibada ni ya chini chini chumbani. Dubai, Doha na Muscat makanisa yapo. Hilo si dogo, na sijui kwa nini watu huliacha lijitokeze wenyewe baada ya kufika.

Giza la Uingereza nalo halimo kwenye mkataba. Desemba, saa kumi jioni usiku umeshaingia, na ukiwa zamu ya mchana unaweza kumaliza wiki hujaliona jua.

Mume, watoto na mama

Barua ya Jeddah ni ya mtu mmoja. Unaweza kuleta familia ukiwa na cheo na mwajiri akikubali, lakini tangu 2017 kuna tozo kwa kila mtegemezi, iliyoanza na riyali 100 kwa mwezi ikapanda mpaka 400. Mume na watoto wawili ni riyali 1,200 kabla hujalipa nyumba na shule. Kwa mshahara wa 4,500 sahau. Na hata ukikaa miaka ishirini, ikama yako, yaani kibali cha kukaa, inaishi kwa kazi yako. Kazi ikiisha, unapewa viza ya kutoka. Kwa hiyo ukienda Ghuba, nenda na tarehe ya kurudi na kiasi unachokitafuta, viandikwe, mumeo avijue. Mimi nilikwenda kutafuta nyumba ya vyumba vitatu. Nilipoipata nikaongeza mwaka mmoja "wa fanicha", na ni katika mwaka huo mtoto wangu mdogo alianza kumwita mama yangu mama, na mimi akiniita "yule wa simu".

Barua ya Uingereza inaruhusu mume na watoto. Watoto wanasoma bure shule za serikali, mume anaweza kufanya kazi yoyote, na wenye viza ya afya hawalipi ile ada ya matibabu wanayolipa wahamiaji wengine. Kwa miaka mingi njia ya kupata ukaazi wa kudumu imekuwa miaka mitano. Mei 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kuifanya kumi kwa wengi. Mwenye kupiga hesabu leo apige ya kumi.

Lakini kuna jambo la mume. Nyumbani mume wangu alikuwa naibu mwalimu mkuu, akisimama gwaride wanafunzi mia saba wananyamaza. Uingereza kazi ya kwanza iliyompokea ni ya kulea wazee majumbani. Mwezi mzima hakuwaambia ndugu zake. Ndoa ninazozijua zilizovunjika huku, nyingi hazikuvunjwa na mapenzi ya nje. Zilivunjwa na mke mwenye namba ya usajili na mume mwenye glovu, wote wamechoka, wanapishana mlangoni, mmoja anatoka zamu na mwingine anaingia. Yetu ilinusurika kwa sababu alinitangulia kucheka.

Mitego

Tafadhali, usichanganye muuguzi na mlezi wa wazee. Mawakala waliuza viza za ulezi kwa wauguzi wetu kwa mamia ya maelfu ya shilingi, wakiwaambia "ukifika utageuza". Tangu 11 Machi 2024 walezi wapya hawaruhusiwi kuleta familia, na tangu 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kutoa viza za ulezi kwa walio nje ya nchi. Anayekuuzia hiyo leo anakuuzia hewa. Na kwa kazi ya uuguzi Uingereza, kumtoza mtu pesa ili apate kazi ni kosa. Wakala halali hulipwa na hospitali.

Soma kipengele cha kurudisha gharama. Hospitali nyingi za Uingereza huandika kuwa ukiondoka kabla ya miaka miwili au mitatu utalipa walichokutumia. Uliza ni pauni ngapi na zinapungua vipi kadiri unavyokaa. Saudia uliza nani anashika pasipoti (iwe wewe), na mkataba wa Kiarabu uandikwe sawa na wa Kiingereza uliotia saini, maana mahakamani unaotambuliwa ni wa Kiarabu.

Mwenye kazi ya kudumu kaunti aombe likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Mimi sikuwa na cha kuacha: nilikuwa wa mkataba, nimetoka kwenye mgomo wa 2017 uliochukua siku 150, nina deni la duka. Lakini aliye na ajira ya pensheni, nyumba yake na mgonjwa anayemjua kwa jina, huyo barua ya tatu, ya kubaki, aiweke mezani pia. Na popote utakapokwenda, leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya usiiache ikafa. Hakuna nchi itakayokupokea bila barua ya kuthibitisha uko safi kwenu.

Marekani? Inalipa kuliko zote: mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 93,600 kwa mwaka Mei 2024, na viza yake ni ya ukaazi tangu siku ya kwanza. Ila foleni yake hupimwa kwa miaka, na mtihani wake wa leseni, NCLEX, si wa kusomea kwenye matatu. Ujerumani ilitia saini makubaliano na Kenya Septemba 2024, inataka wauguzi kweli kweli, lakini kusajiliwa kunataka Kijerumani cha kiwango cha B2. Mwenye miaka 23 na mwaka mzima wa kukaa darasani aitazame. Bintiye shangazi ana 34 na watoto wawili.

Nilimwambia yote haya kwa sauti za WhatsApp, kumi na saba, nikiwa kwenye basi. Akaniuliza kama haiwezekani kuanza Jeddah miaka miwili, afanye IELTS na CBT akiwa huko, kisha avuke. Inawezekana, ndivyo nilivyofanya. Ila mtoto wake mdogo ana miaka miwili, na nilimkumbusha yule wa simu.

Kufikia ninapoandika haya hajajibu barua yoyote. Mumewe ni mhasibu, ana ofisi yenye kiyoyozi na mtu wa kumletea chai. Bintiye shangazi amesema Ijumaa, wakishakula, atamwuliza mumewe kama yuko tayari kuamka saa kumi alfajiri kwenye baridi akawaogeshe watu asiowajua. Mume akikubali, mke anasaini ya Uingereza. Akinyamaza, ya Jeddah, miaka miwili, na tarehe ya kurudi itaandikwa kwenye ukuta wa jikoni.